Hatari ya Kupita Porini Peke Yako Usiku

Si jambo geni kumwona mtu akianza safari ya miguu jua linapotua, naye husema ya kuwa njia aijua, kijiji si mbali, na mwezi utamwangazia. Mambo hayo matatu yaweza kuwa kweli yote, na bado mtu huyo asifike. Yafaa sababu zake zielezwe.

Sababu ya kwanza ni giza lenyewe. Katika nchi zilizo karibu na ikweta jua likiisha kutua giza huingia upesi, na kabla ya nusu saa kupita limekwisha kuenea. Jicho la mwanadamu huchukua dakika 20 hadi 30 kulizoea giza, na hata likiisha kulizoea huona vivuli tu. Jicho la simba au chui si hivyo. Ndani yake, upande wa nyuma, mna utando ung'aao kama kioo, ambao huurudisha mwanga upite jichoni mara ya pili. Ndiyo maana macho ya wanyama hao humetameta yakimulikwa kwa taa. Basi mnyama humwona mtu, na mtu hamwoni mnyama.

Sababu ya pili ni mwezi, na hapo ndipo wengi hukosea. Nchini Tanzania, kati ya mwaka 1988 na 2009, simba waliwashambulia watu zaidi ya 1,000, hasa katika sehemu za kusini-mashariki kama Lindi na Rufiji, na wengi wao walikufa. Wataalamu walizichunguza habari hizo, na mwaka 2011 walieleza kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi katika saa za kwanza za usiku, tangu jua kutua hata kukaribia saa nne, na hasa katika siku zinazofuata mwezi mpevu.

Maana yake si ngumu kufahamu. Siku ya mwezi mpevu, mwezi huchomoza wakati jua linapotua, na usiku wote huwa mweupe. Kesho yake mwezi huchelewa kwa muda upatao dakika 50, na kila siku huzidi kuchelewa. Hivyo saa za giza tupu huangukia wakati ule ule ambao watu wangali njiani. Tena simba huwa na njaa, kwa kuwa katika siku za mbalamwezi windo lake humwona na kumkimbia. Mtu aliyepita salama kwa mwanga wa mwezi, akirudi baada ya siku nne kwa njia ile ile na saa ile ile, safari yake si ile tena.

Sababu ya tatu ni wanyama wasiomtafuta mtu kwa kumla. Kiboko hutoka mtoni usiku kwenda malishoni, na akimkuta mtu amesimama kati yake na maji, aweza kumwua. Nyati na ndovu wakishtushwa kwa ghafula hawana simile. Naye bafe, nyoka mzito, hulala njiani wala hakimbii asikiapo kishindo, huuma akikanyagwa. Yote hayo humzidi mtu aliye peke yake, kwa sababu hana wa kumbeba wala wa kupeleka habari.

Ikiwa safari haina budi, na waende watu kadhaa pamoja, wenye taa, wakizungumza kwa sauti, wafuate njia pana, na wajiepushe na vichaka na kingo za mito. Wakimkuta simba, wasikimbie, maana mkimbiaji hufanana na windo. Warudi nyuma polepole huku wakimtazama. Lakini lililo bora kupita yote ni kuomba malazi kwa mwenyeji na kuondoka kukipambazuka. Wazee walisema, kawia ufike. Atakayelala njiani usiku mmoja atachelewa saa kumi na mbili tu, na watu wa nyumbani kwake watamwona akiingia mlangoni.