Ulaya kwa treni: Pasi, viza na begi moja

Likizo ya katikati ya mwaka inapokaribia, familia zenye jamaa Ulaya huanza kutuuliza kuhusu safari ya treni: kumzuru ndugu aliyeko Uholanzi, kisha kupita nchi mbili tatu kabla ya kurejea nyumbani, bila ya kumaliza akiba ya mwaka. Jambo hilo linawezekana. Ila ushauri mwingi kuhusu safari hizo umeandikwa na wenyeji wa Ulaya kwa ajili ya wenzao, nao huanza na agizo moja: kata tiketi mapema. Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya, agizo hilo laweza kumtia hasarani.

Sababu ni viza. Tiketi za mapema huwa nafuu kwa kuwa aghalabu hazirudishiwi fedha wala hazibadilishwi tarehe. Maombi ya viza ya Schengen nayo hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na hayatakiwi kuchelewa zaidi ya siku 15 kabla yake. Jibu laweza kutoka wakati bei zimekwisha panda, au lisiwe jibu lililotarajiwa. Ada ya mtu mzima ni Euro 90, ya mtoto wa miaka 6 hadi 11 ni Euro 45, na anayenyimwa harejeshewi kitu. Inatakiwa pia bima ya matibabu yenye kinga isiyopungua Euro 30,000. Baba aliyekwisha nunua tiketi za watu watano kutoka Amsterdam hadi Vienna ameiweka rehani fedha ya familia kwa ofisa asiyemjua.

Kwa hiyo pasi ya treni, ambayo Mzungu hodari wa hesabu huenda akaiacha, twaiona ndiyo inayomfaa msafiri wetu. Aishiye nje ya Ulaya hununua iitwayo Eurail. Aishiye huko, hata asipokuwa raia, hununua Interrail. Basi mgeni na mwenyeji wake watakaa behewa moja wakiwa na pasi zenye majina mawili. Bei ya pasi haipandi kwa sababu tu siku ya safari imekaribia, hivyo inaweza kusubiri hadi viza ipatikane. Kila mtu mzima mwenye pasi huruhusiwa watoto wawili wa miaka 4 hadi 11 bila malipo, mradi nao wachukuliwe pasi zao za bure. Wala hapana haja ya pasi ya kila siku. Ile ya siku 4 za safari ndani ya mwezi mmoja yatosha kwa familia inayotua mahali na kupumzika.

Lakini pasi si ruhusa ya kupanda kila treni. Treni za kasi za Ufaransa, Hispania na Italia, pamoja na Eurostar ipitayo chini ya bahari kwenda London, hudai nafasi iwekwe na kulipiwa kando. Zidisha malipo hayo kwa watu watano na kwa kila hatua ya njia, uone unafuu unavyoyeyuka. London, zaidi ya hayo, ina viza yake.

Sisi tungeelekea kule ambako treni nyingi hazina sharti hilo. Kutoka Amsterdam hadi Köln, ambako kanisa kuu maarufu lipo kando ya stesheni. Kutoka Köln, tungeacha treni ya kasi na kupanda ya polepole ifuatayo mto Rhine kati ya Koblenz na Mainz, ngome za kale zikiwa juu ya vilima. Kisha München, Salzburg na Vienna. Tiketi ya ndege ikikatwa ya kuingilia Amsterdam na kutokea Vienna, hakuna gharama ya kurudi nyuma. Maombi ya viza hupelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi.

Mizigo ndiyo huwashinda wengi wetu. Kwa kawaida hakuna wa kupima begi lako stesheni, lakini pia hakuna mchukuzi, na treni yaweza kusimama dakika mbili tatu tu. Kipimo chetu ni hiki: begi ambalo mwenyewe hawezi kulipandisha ngazi na kulinyanyua hadi juu ya kichwa ni zito mno. Nguo za siku nne zinatosha. Kanzu au baibui nyepesi ikifuliwa usiku, asubuhi imekauka. Zawadi ndizo mtihani, kwani nani ataingia kwa dada yake mikono mitupu? Nyama na maziwa hayaruhusiwi, hata samli. Embe lisilo na cheti cha afya ya mimea huzuiwa, ilhali tende na nazi hupita.

Chukueni kibadilisho cha plagi, kwa kuwa soketi za huko ni za pini mbili za duara. Chukueni sarafu, maana vyoo vya stesheni nyingi hulipiwa, na chupa ndogo tupu ya kustanjia, kwa sababu humo mna karatasi tu. Mwezi Juni jua la Vienna huzama karibu saa 3 usiku, na Isha huchelewa sana. Watoto wapangiwe usingizi wa mchana.

Chakula kibebwe. Hapana mama wa mahindi wala muuza machungwa dirishani kama katika reli yetu ya kati, na mkahawa wa kwenye treni ni ghali. Mkate, mayai ya kuchemsha na matunda vinunuliwe Jumamosi, kwani Jumapili maduka ya Ujerumani na Austria hufungwa, isipokuwa machache, hasa yaliyomo ndani ya stesheni kubwa, na hayo bei zake ni za juu.