Hesabu Kabla ya Jaribio: Programu Huria katika Bayolojia ya Usanisi

Mhandisi hajengi daraja kwanza ndipo apime kama litabeba uzito. Hukokotoa kwanza, kisha hujenga. Katika bayolojia desturi hii ilichelewa kuingia, kwa kuwa kiumbe hai kilidhaniwa kuwa na mambo mengi mno yasiyoweza kuhesabika. Leo kuna tawi la sayansi linalofuata njia ya mhandisi, nalo huitwa bayolojia ya usanisi. Neno usanisi mwanafunzi analifahamu tangu alipojifunza usanisinuru: ni kuunda kitu kwa kuunganisha sehemu zake. Hapa sehemu zinazounganishwa ni jeni, na kinachoundwa ni seli yenye tabia mpya. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kompyuta inavyosaidia kazi hiyo, na kwa nini ni muhimu kwamba programu zinazotumika ziwe huria.

SAA NDANI YA BAKTERIA

Tuchukue mfano mmoja mashuhuri. Mwaka 2000 Michael Elowitz na Stanislas Leibler, wa Chuo Kikuu cha Princeton nchini Marekani, waliunda mzunguko wa jeni tatu ndani ya bakteria aitwaye Escherichia coli. Kila jeni ilitengeneza protini yenye kazi moja tu, yaani kuizuia jeni inayofuata. Ya kwanza ilizuia ya pili, ya pili ikazuia ya tatu, na ya tatu ikarudi kuizuia ya kwanza.

Je, mzunguko wa namna hii utafanya nini? Huenda protini zikapanda na kushuka kwa zamu, kama maji ya bahari yanavyojaa na kupwa. Lakini huenda pia zote tatu zikatulia katika kiwango kimoja, pasiwe na mabadiliko yoyote. Maneno matupu hayawezi kuamua. Hapana budi kuhesabu. Hesabu za watafiti hao zilionyesha kwamba kupanda na kushuka kutatokea kwa urahisi zaidi iwapo jeni isiyozuiwa itatengeneza protini kwa nguvu, iwapo jeni iliyozuiwa haitavuja sana, na iwapo protini zitavunjwa kwa kasi inayokaribia ile ya kuvunjwa kwa RNA inayobeba maagizo ya jeni. Kwa sababu hiyo, kila protini ya kuzuia iliongezewa mkia mfupi unaoifanya ivunjwe upesi na vimeng'enya vya bakteria. Aidha, iliongezwa protini inayotoa mwanga wa kijani inapomulikwa, ili mabadiliko yaonekane kwa hadubini. Mwanga ukawa unaongezeka na kufifia, kila duru ikichukua takriban dakika 160.

HESABU YENYEWE

Msingi wa hesabu hizi si mgumu. Kiasi cha protini hubadilika kwa mambo mawili: kinachotengenezwa na kinachopotea. Tuseme seli hutengeneza molekuli 10 kila dakika, na kila dakika hupoteza sehemu moja ya kumi ya zile zilizokuwamo. Tukianza na sifuri, baada ya dakika moja zitakuwamo 10. Baada ya mbili, 19. Baada ya tatu, 27.1. Kiasi hicho kitaendelea kukua polepole hadi kukaribia 100, kwani hapo kinachoingia hulingana na kinachotoka. Sasa tubadilishe jambo moja tu: upotevu uwe sehemu moja ya tano. Kiwango cha mwisho kitakuwa 50, nacho kitafikiwa mapema zaidi. Basi kasi ya kuvunjwa kwa protini haiamui wingi wake tu, bali pia wepesi wa seli kubadilika. Ndiyo maana ule mkia mfupi ulihitajika.

Protini moja huhesabika kwa kalamu. Protini tatu zinazozuiana, pamoja na RNA zake, huhitaji kurudia hesabu mara maelfu, na hapo ndipo kompyuta inapofaa.

PROGRAMU ZILIZOPO

COPASI ni programu ambayo mtumiaji huiandikia mabadiliko ya kikemia na kasi zake, nayo humchorea grafu. iBioSim, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Utah, husaidia kusanifu mizunguko ya jeni pamoja na kuihesabu. Tellurium huwafaa wanaojua lugha ya kompyuta iitwayo Python. Zote hupatikana bila malipo. Vielelezo huandikwa kwa lugha ya pamoja iitwayo SBML, hivyo kielelezo kilichoandikwa katika programu moja huweza kusomwa na nyingine. Hazina ya vielelezo iitwayo BioModels, iliyoko Hinxton, Uingereza, inacho kielelezo cha Elowitz na Leibler, na yeyote aweza kukichukua.

Kiswahili hutofautisha vizuri bure na huria. Programu ya bure ni ile isiyolipiwa. Programu huria ni ile ambayo mtu ana ruhusa ya kuitumia, kuichunguza ndani, kuibadilisha na kuwagawia wengine. Katika sayansi uhuru huu si anasa. Matokeo ya sayansi hukubaliwa kwa kuwa mwingine aweza kuyarudia. Na ikiwa njia ya kuhesabu imefichwa, msomaji hubaki kuamini tu.

MIPAKA YA KIELELEZO

Hata hivyo, grafu iliyo kwenye kompyuta si seli. Katika jaribio la mwaka 2000, ni takriban asilimia 40 tu ya seli zilizoonyesha mabadiliko ya zamu, na hata hizo zilitofautiana sana. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha kwamba ile mikia yenyewe ilichangia vurugu hiyo, kwa kuwa protini nyingi zilishindania vimeng'enya vichache. Walipoiondoa na kufanya marekebisho mengine, mzunguko ukawa na mpangilio bora zaidi. Mwaka huohuo programu iitwayo Cello ilitumiwa kusanifu mizunguko 60 ya jeni. 45 kati yake ilifanya kazi sawasawa mara ya kwanza. Hayo ni mafanikio makubwa, lakini 15 haikutii hesabu.

Kwa hiyo mwalimu asiiache kompyuta ichukue nafasi ya jaribio, wala asingojee maabara kamili ndipo aanze. Wanafunzi na waendeleze ile hesabu ya molekuli 10 hadi dakika ya 30, wachore grafu kwa mkono, kisha wailinganishe na ile ya COPASI. Baadaye wachukue kielelezo cha jeni tatu na kupunguza kasi ya kuvunjwa kwa protini hatua kwa hatua, wakitazama ni wapi kupanda na kushuka kunakoma. Shule yenye kompyuta moja yaweza kuifanya kazi hii, na mwanafunzi atakayeifanya atakuwa amelipima mwenyewe dai la sayansi badala ya kulikariri.