Miaka 80 kwa Hesabu Ipi?

Muulize mzee wa Mji wa Kale umri wake, naye hatakujibu kwa tarehe. Atakwambia, "Nalikuwa chuoni, nimefika Amma, askari waliporudi Burma." Au, "Fulani nimempita kwa miezi miwili." Katika mitaa ya Kibokoni, Kuze na Mkanyageni umri ulikuwa jambo la kulinganisha watu, si la kuandika karatasini.

Wala si kwamba wazee wetu hawakujua hesabu. Walikuwa na kalenda mbili: ya mwezi, kwa ajili ya saumu, haji na maulidi, na ya jua, ile inayoanza Nairuzi na kugawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi, iliyowafaa wakulima na manahodha. Ya Kizungu ilikuja ya tatu, ikaketi juu ya hizo mbili.

Pamoja nayo ndiyo yakaja haya ya kusherehekea siku ya kuzaliwa. Zamani mtoto alifanyiwa akika, akatolewa arubaini, akahitimu Kurani, akikua akaozwa. Baada ya hapo hakuna aliyemhesabia miaka. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga tarehe 1 Januari 1909, alipofika makamo hayo alituachia kitabu, Baada ya Miaka Hamsini. Akafariki mwaka 1962, hata sitini hakuziona. Mimi nimekwisha kumpita kwa umri, na kitabu cha namna hiyo sina.

Basi mwishoni mwa mwaka 2024 wajukuu wa mama yangu mkubwa, walioko Maskati na Toronto, walipiga simu: Bibi atatimiza miaka 80 tarehe 1 Januari, ni lazima afanyiwe. Pesa zikaja, na keki ya ghorofa tatu ikaagizwa. Mjomba wetu aliposikia habari ya mishumaa, akasema haitaingia nyumba ile naye yu hai. Kwa siku nne watu waliamkiana kwa adabu tu.

Mambo haya yameumiza vichwa vya mabaraza mengi. Wanaokataa wanasema ni kuiga watu wasio wetu. Wanaokubali wanakumbusha kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoulizwa kuhusu saumu yake ya Jumatatu, alisema ndiyo siku aliyozaliwa. Wa kwanza hujibu: basi fungeni, msikate keki! Mimi si mwanachuoni wa kutoa fatwa, lakini jawabu hilo halikosi utamu.

Aliyekata shauri ni mwenyewe Bi Mkubwa. "Mnagombania siku yangu, na mimi hamjaniuliza," alisema. "Nani amewaambia nalizaliwa Januari?"

Akaonyeshwa kitambulisho chake.

"Hiyo ni siku ya karani. Aliniuliza tarehe, nikamwambia siijui ya Kizungu, akaandika yake." Kisha akanigeukia. "Mwanangu, nenda kafungue lile sanduku. Utoe msahafu wa baba."

Msahafu ulikuwa umefungwa kwa kipande cha leso. Katika ukurasa wa mwanzo, usio na aya, babu alikuwa ameandika kuzaliwa kwa wanawe sita, kwa Kiswahili, lakini kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandikiana wazee wa pwani hii barua, hati za mashamba na tenzi. Wa nne ni yeye: usiku wa kuamkia Ijumaa, Mfungo Tatu, mwaka 1363. Tuliwaonyesha wajukuu kwenye simu. Mmoja, aliyehitimu chuo kikuu, akauliza ile ni sura gani ya Kurani.

"Si sura," nikamwambia. "Ni Kiswahili. Ni bibi yako huyo."

Nikaketi na kalamu. Mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku 11 hivi. Mfungo Tatu 1363 ni kati ya Novemba na Disemba 1944. Kwa hiyo miaka 80 ya Kizungu ilikuwa imekwisha kupita kwa majuma kadhaa. Na ya mwezi? Hiyo aliitimiza katika Mfungo Tatu 1443, Julai 2022, watu wakiwa Makka. Siku zile alikuwa hapo hapo Kibokoni akikaanga mahamri, na hakuna aliyempa hata hongera.

Mjomba alicheka mpaka akafuta macho, na ugomvi ukaishia hapo, maana haukubaki na tarehe ya kugombania. Tulichagua Alhamisi, tarehe 2 Januari 2025, ili iwe usiku wa kuamkia Ijumaa kama alivyozaliwa. Kina mama walisoma Barzanji, udi ukafukizwa, pilau ikaliwa na majirani mpaka wa mtaa wa pili. Keki ililetwa baada ya dua, bila mishumaa. Kipande kikubwa chenye maua ya sukari kilionekana mbele ya mjomba. Sikuuliza kilifikaje.

Wageni walipokwisha kuondoka, Bi Mkubwa aliutaka tena ule msahafu, na wino. Chini ya maandishi ya babu palikuwa na nafasi ya vidole vinne hivi. Akaniambia niandike wajukuu wote, kwa hati ile ile, na kwa miezi yetu. Majina yalikuwa kumi na moja. Tulipiga simu Toronto saa saba za usiku kumuuliza binti mmoja mwanawe alizaliwa mwezi gani, naye akasema Machi. "Mwezi gani?" akarudia Bi Mkubwa, na yule binti akaomba apewe muda akatafute.