Makuta: jina lililodumu kuliko sarafu yake

Sokoni Minova, mji wa bandari kando ya Ziwa Kivu katika Kalehe, Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, muuza maharage akiulizwa "Franga ngapi?" hutaja bei kwa franga. Akianza kulalamika kwamba maisha ni magumu, neno hubadilika: "Sina na makuta," yaani hana pesa. Hata vijana ambao hawajawahi kushika likuta hata moja husema hivyo hivyo.

Likuta, umoja wa makuta, lilikuwa fedha halisi. Juni 1967, serikali ya Rais Mobutu ilipoacha franga na kuleta zaire, zaire 1 ilikuwa makuta 100, na kila likuta sengi 100. Zaire hiyo ilianza na thamani ya dola 2 za Marekani, kwa hiyo makuta 50 yalitosha kupata dola nzima! Jina la makuta lenyewe ni la kale zaidi. Wareno wa Angola walikuwa na sarafu za macuta tangu karne ya 18, kwa jina lililotokana na vitambaa vya rafia vilivyotumika kama fedha.

Kuporomoka kwa zaire kulikuwa kwa kutisha. Januari 1993 wanajeshi walifanya ghasia baada ya kulipwa kwa noti mpya ya zaire milioni 5 ambayo wafanyabiashara waliikataa. Mwaka huohuo zaire milioni 3 zikageuzwa kuwa zaire mpya 1, na mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa franga 1. Ukipiga hesabu, franga hiyo moja ilimeza makuta trilioni 30.

Jina halikuzama na fedha yake. Lingala, lugha ya jeshi na ya muziki, ililisambaza, na Kiswahili cha Kivu kikalipokea bila shida kwa sababu lina umbo ambalo tayari linajulikana: likuta, makuta, kama jina, majina. Watu husema "makuta yangu", "makuta yote". Tajiri "ana makuta".

Thamani ya neno hili leo ni kwamba halihesabu chochote. Mahari na kiwanja hutajwa kwa dola, kilo ya maharage kwa franga. Makuta ni uwezo wa mtu: makuta ya masomo, makuta ya dawa, makuta ya boti ya kwenda Goma. Kiasi hutajwa baadaye, na kama ni dola, noti huangaliwa kwanza isiwe imechanika.