Mwalimu wa Kunyoosha Viungo: Tumtafute Wapi?

Wahenga walinena kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu halikuvunjika, lakini liliponea chupuchupu. Na la kushangaza ni kuwa nilikuwa nimelisikia la mkuu, tena nikalitii bila kulalamika. Shida ilikuwa ni huyo mkuu mwenyewe. Hakujua alichokuwa akinifundisha.

Nilikuwa kidato cha pili, na tulikuwa tukijitayarisha kwa tamasha la muziki. Ngoma yetu ilikuwa ya Kikamba, ile ya vijana iitwayo mbeni. Kwa wale wenzetu waliotoka mbali na Ukambani, ni vyema niwaeleze kwamba ngoma zetu si za aina moja. Kilumi, kwa mfano, ni ngoma ya watu wazima, hasa akina mama, na huhusishwa na matambiko na kuomba mvua. Mbeni ni ya wavulana na wasichana. Ndani yake mna kuruka, kupinduka hewani na kutua kwa miguu kama paka. Taasisi ya Bomas of Kenya ilipoanzishwa mwaka 1971 ili kuhifadhi ngoma za makabila yetu, sarakasi za Wakamba zilikuwa miongoni mwa zile zilizowavutia sana watazamaji.

Basi, mchezaji mmoja wa vidato vya juu akaniambia, "Wewe viungo vyako ni vigumu kama mpini wa jembe. Leo utapiga msamba, utake usitake." Nikakaa chini, miguu nikaitanua. Yeye akasimama nyuma yangu, akaniwekea mikono mabegani na kuanza kunisukuma chini, juu, chini, juu. Ilikuwa asubuhi na mapema, kibaridi cha mwezi wa Juni kingalipo, na hata sikuwa nimekimbia hatua kumi. Mara nikasikia kitu kikiachia nyuma ya paja, kama kamba inayokatika. Wee! Nilipiga ukemi ulioitikiwa na mabweni yote.

Muhula huo sikucheza tena. Wenzangu walipokwenda kushindana, mimi nilibaki nikichechemea kati ya bweni na darasa. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza: kama huyu si mwalimu wa kweli, mwalimu wa kweli ni nani, na mtoto wa shule wa Kitui au Makueni atampata wapi? Nimelitafuta jibu kwa muda wa mwaka mmoja, na haya ndiyo niliyoyaona.

Mwalimu wa kwanza: wazee wetu

Shule yetu iko Kitui, lakini kwetu ni Makueni, upande wa Kathonzweni. Nilipopewa ruhusa kwenda nyumbani na mguu wangu, Susu, yaani nyanya yangu, ndiye aliyenipokea. Yeye aliicheza mbeni katika usichana wake. Nilipomsimulia mkasa wangu alicheka kwanza, kisha akakasirika.

"Nani aliyekuambia ngoma inaanza kwa msamba?" akaniuliza. Akanieleza kwamba wakati wao, mchezaji alifika uwanjani mwili ukiwa umeshachemka. Mchana alilima, jioni aliteka maji katika mashimo ya mchanga mtoni, akayabeba mgongoni kupanda mlima. Hata hivyo ngoma haikuanza kwa kuruka. Ilianza polepole, watu wakitikisa mabega tu, mpaka jasho litoke. Kuruka kulikuja baadaye, na watoto walikaa pembeni kwa muda mrefu wakiiga kidogo kidogo. Akanikumbusha methali isemayo samaki mkunje angali mbichi. "Lakini," akaongeza, "imesema umkunje, haikusema umvunje."

Hapo nilipata somo kubwa. Hata hivyo, msomaji, sitakuficha. Jioni ile Susu alitaka kunikanda paja kwa nguvu kwa mafuta ya moto. Siku iliyofuata nilipofika hospitalini niliambiwa kwamba msuli uliochanika usikandwe wala kutiwa joto katika siku mbili tatu za mwanzo, kwa sababu huenda damu ikazidi kuvuja ndani. Kumbe mzee anaweza kuwa bingwa wa ngoma na asiwe bingwa wa majeraha. Kila mwalimu ana mpaka wake.

Mwalimu wa pili: tabibu wa viungo

Watu wengi kwetu hudhani kwamba hospitali ni ya malaria na kujifungua tu. Lakini wapo wataalamu waliosomea viungo na misuli, wanaoitwa wafiziotherapia. Nchini Kenya kazi yao inasimamiwa kwa sheria ya mwaka 2014, iliyounda baraza la kuwasajili. Kwa hiyo mtu akijiita tabibu wa viungo, unayo haki ya kumwuliza kwa adabu kama amesajiliwa.

Yule aliyenihudumia alikuwa mama mpole. Kabla ya kunigusa aliniuliza maswali kama kumi: nina umri gani, nilikuwa nikifanya nini, maumivu yako wapi hasa. Kisha akanipeleka kupigwa picha ya eksirei. Nikashangaa, maana niliyeumia ni msuli. Akanieleza kwamba kijana wa rika letu bado anakua. Pale msuli wa nyuma ya paja unaposhikana na mfupa wa makalio pana sehemu ya gegedu ambayo haijakomaa ikawa mfupa mgumu. Kijana akisukumwa kwa nguvu, msuli unaweza kung'oa kipande cha mfupa. Mtu mzima angechanika msuli, kijana anaweza kuharibika mfupa. Namshukuru Mungu, wangu ulikuwa msuli tu.

Akanieleza pia kwa nini kule kusukumwa chini, juu, chini, juu ni kubaya. Ndani ya msuli mna vijidude vya hisia vinavyopima jinsi unavyovutwa. Msuli ukivutwa ghafla, vijidude hivyo hupeleka habari kwenye uti wa mgongo na msuli huamrishwa ujikaze. Yaani wewe unavuta huku na wenyewe unavuta kule, kama watu wawili wanaogombania kamba. Ukivuta taratibu na ukatulia, ubishi huo hupungua.

Mwalimu wa tatu: kitabu

Shuleni, mwalimu mmoja wa michezo ana kitabu cha zamani kwenye rafu yake, kurasa zake zimeshaanza kuwa manjano. Kinaitwa "Stretching", nacho ni cha Mmarekani Bob Anderson. Toleo lililokipa umaarufu lilitoka mwaka 1980, na michoro yake ilichorwa na mkewe, Jean. Ubora wa kitabu hiki ni michoro. Hata asiyekijua Kiingereza sana anaona goti liwe wapi na mgongo uwe vipi. Mwandishi anasisitiza kwamba usiruke-ruke unapojinyoosha, na kwamba uanze kwa mvuto mwepesi, utulie, ndipo uongeze kidogo.

Lakini kitabu nacho kina umri. Zamani walimu wengi waliamini kwamba kujinyoosha kabla ya mchezo ndiko kinga kuu ya majeraha na dawa ya maumivu ya siku ya pili. Tafiti za baadaye zimepunguza sifa hizo. Mwaka 2011 wataalamu walizipitia tafiti nyingi kwa pamoja, wakaona kwamba kujinyoosha hakupunguzi maumivu ya misuli baada ya mazoezi ila kwa kiasi kidogo mno. Imeonekana pia kwamba ukiushikilia msuli mmoja katika mvuto wa kutulia kwa zaidi ya dakika moja, kisha papo hapo ukaenda kukimbia au kuruka, nguvu zako hupungua kwa muda. Kwa hiyo ukipata kitabu, usikitupe kwa kuwa ni cha zamani, bali tazama mwaka wake, kisha umwulize aliyesoma karibuni.

Mwalimu wa nne: mtandao

Sisi wa bweni hatuna simu, ila likizo ikifika kila mtu huchungulia ya mzazi. Huko kuna walimu elfu na moja. Mmoja anaahidi kwamba utapiga msamba kwa siku saba. Mwingine ana misuli kama ya fahali lakini haelezi alisomea wapi. Hata hivyo kuna vito ndani ya mchanga huo. Kwa mfano, kuna mpango wa kupasha mwili moto uitwao "FIFA 11+", ambao hutolewa bure. Una mazoezi 15 na huchukua kama dakika 20. Ndani yake mna kukimbia, kujijenga nguvu na kusimama kwa mguu mmoja. Mwaka 2008 matokeo ya utafiti uliofanywa nchini Norway kwa wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17 yalichapishwa. Waliofuata mpango huo waliumia kwa uchache kuliko wenzao, takriban kwa theluthi moja.

Angalia jambo hili vizuri. Kilichowasaidia wasichana wale si msamba. Ni kupasha mwili moto na kuwa na nguvu za kuumiliki mguu wako. Ndilo lile lile aliloniambia Susu, ambaye hajawahi kushika mpira: mwili uchemke kwanza.

Nitamjuaje mwalimu mzuri?

Baada ya kuwalinganisha hawa wote, nimejitungia alama tano. Mwalimu, awe mtu, kitabu au video, akizitimiza, mfuate. Akizikosa, mkimbie.

Kwanza, anauliza au anataja hali yako: umri, jeraha la zamani, mchezo unaoutayarishia mwili. Pili, anaanza kwa kuupasha mwili moto. Tatu, anaeleza sababu, hasemi tu "fanya hivi". Nne, haahidi miujiza ya siku saba, maana wepesi wa viungo huja kwa majuma na miezi. Tano, nayo ndiyo kubwa kuliko zote, anakuambia pa kukomea. Mvuto unaruhusiwa, ila maumivu makali, ganzi au kuchomwa kwenye kiungo ni amri ya kusimama. Yule aliyeniumiza alikosa zote tano. Hakuwa mbaya wa roho. Naye alifundishwa vivyo hivyo na waliomtangulia.

Na kama hujampata mwalimu bado, anza na haya machache ambayo tabibu, kitabu na mwalimu wetu wa michezo wameafikiana. Tembea haraka au kimbia polepole dakika tano hadi kumi. Kabla ya mchezo, tumia mazoezi ya mwendo: kubembeza mguu, kuzungusha mikono, kupiga hatua ndefu. Kule kujinyoosha kwa kutulia kuweke mwishoni, mwili ungali moto. Shikilia sekunde 10 hadi 30, pumua, rudia mpaka jumla ifike kama sekunde 60 kwa kila zoezi, siku mbili au tatu kwa wiki au zaidi. Usimsukume mtu, wala usisukumwe. Ukitaka kupima maendeleo yako, kaa chini, miguu nyoofu mbele, nyayo zikigusa ukuta, kisha nyosha mikono taratibu na umwambie mwenzako apime kwa rula ulipofika. Jilinganishe na wewe wa mwezi uliopita, si na jirani yako.

Mtu atasema, "Aa, wakati tutautoa wapi?" Ni kweli, aghalabu kipindi cha michezo humezwa na Hisabati. Lakini dakika ishirini kabla ya mazoezi ya ngoma hazipungui popote. Mimi nilikosa muhula mzima kwa kukosa dakika hizo.

Mwaka huu nimerudi kwenye ngoma. Msamba sijaufikia, bado naona vidole kama vinne hivi kati yangu na ardhi, na wala sina haraka. Juzi tu nilimkuta mvulana wa kidato cha kwanza amekalishwa chini, miguu ametanua, na wakubwa wawili wamesimama nyuma yake wakicheka. Ilikuwa asubuhi, na kibaridi kilikuwa kile kile. Niliwaomba wamwache ainuke, tukakimbia sote wanne kuuzunguka uwanja mara tatu. Hakuna aliyechekwa na hakuna aliyelia.

Ewe mwenzangu unayesoma, na hasa wewe wa kidato cha nne ambaye wadogo wanakuita mkuu, kesho huenda ukawa ndiwe mwalimu pekee alionao mtoto fulani. Kabla hujamwekea mikono mabegani, jiulize kama unajua pa kukomea. Kama hujui, kuuliza si ujinga.