Programu Inapogoma: Namba za Makosa Kwenye Kompyuta ya Nyumbani Zinasema Nini?

Mwishoni mwa miaka ya 1990, wenye kompyuta mpya walianza kukutana na kioja. Programu za DOS zilizokuwa zimefanya kazi miaka kadhaa bila matata, ziwe za hesabu, za masomo au michezo midogo, ziligoma kufunguka. Zilipojifunga ziliacha mstari mmoja tu kwenye skrini: Runtime error 200. Katika Turbo Pascal, lugha iliyotumika kuziandika, namba hiyo ina maana kwamba programu imejaribu kugawanya kwa sifuri. Lakini sifuri yenyewe haikuonekana popote. Na programu hiyohiyo ikirudishwa kwenye kompyuta kuukuu, ilifunguka kama kawaida.

Chanzo kilikuwa kasi. Sehemu ya Turbo Pascal iitwayo CRT ilikuwa na desturi ya kuipima mashine kila programu inapoanza. Ilihesabu mashine inafanya mizunguko mingapi ndani ya takriban milisekunde 55, kisha ikagawanya hesabu hiyo kwa 55 ili kujua mizunguko ya milisekunde moja. Jibu lilitengewa nafasi ya biti 16, ambayo haibebi namba inayozidi 65,535. Prosesa zilipofikia kasi ya megahezi 200 hivi na kupita, jibu likafurika. Sasa, prosesa za ukoo wa Intel hutoa ishara moja kwa makosa mawili: kugawanya kwa sifuri, na kugawanya kunakozaa jibu lisiloenea mahali pake. Turbo Pascal ilipoisikia ishara hiyo, ikatangaza sifuri ambayo haikuwapo.

Kisa hicho ni cha zamani, lakini funzo lake linamhusu kila anayetumia kompyuta nyumbani leo. Ujumbe wa kosa husema programu imeangukia wapi. Nani aliyeisukuma ni swali jingine, na kulijibu kunataka kurudi nyuma hatua kwa hatua.

Programu hupitia vipindi viwili. Kwanza huandikwa na kupitishwa kwenye kompaila, inayogeuza maandishi ya mwandishi kuwa maagizo ya prosesa na kukataa sentensi zisizofuata kanuni za lugha. Baadaye huendeshwa kwenye mashine ya mtu ambaye mwandishi hamjui, yenye mafaili, printa na kumbukumbu ambazo hajapata kuziona. Makosa yanayojitokeza katika kipindi hiki cha pili ndiyo yanayoitwa kwa Kiingereza "runtime error". Kompaila haikuweza kuyaona, kwa sababu wakati ule hayakuwapo.

Mengi ya makosa hayo huangukia katika makundi machache. Lipo la hesabu zisizowezekana, kama lile la sifuri. Lipo la kumbukumbu, pale programu inapogusa mahali pasipo pake. Lipo la vitu vilivyokosekana: faili limehamishwa, au kipande cha programu hakikusakinishwa. Na lipo kundi ambalo watu hulifikiria mwisho kabisa, la vifaa vyenyewe, yaani RAM, diski na umeme.

Kwenye Windows, mojawapo ya misimbo inayotokea mara nyingi ni 0xC0000005. Kila programu hupewa eneo lake la kumbukumbu, na prosesa hulinda mipaka. Programu ikijaribu kusoma au kuandika mahali isiporuhusiwa, prosesa huikatiza na Windows huifunga. Mara nyingi anwani inayotajwa kwenye ujumbe ni sifuri tupu au namba ndogo sana, na hiyo ni dalili inayojulikana: programu ilitarajia kukuta kitu, ikakuta hakuna. Mwanasayansi Mwingereza Tony Hoare, aliyebuni mtindo huo wa kuelekeza kwenye "hakuna" mwaka 1965 akiwa anatengeneza lugha ya ALGOL W, alisema mwaka 2009 kwamba ubunifu wake ulikuwa kosa la dola bilioni moja. Windows huacha kwa makusudi kilobaiti 64 za kwanza za anwani bila kumpa mtu, ili programu inayofuata kielekezi kitupu, yaani kinachoelekeza kwenye "hakuna", ikamatwe papo hapo.

Kukamatwa huko kunamuudhi mtumiaji, lakini ndiyo heri, kwani kosa lisilokamatwa huweza kudhuru. Mashine ya tiba ya mionzi iliyoitwa Therac-25, iliyotengenezwa Kanada, iliwapa wagonjwa sita wa Marekani na Kanada dozi kubwa kupita kiasi kati ya mwaka 1985 na 1987, na baadhi yao wakafa. Moja ya kasoro zake ilikuwa namba iliyohifadhiwa kwenye baiti moja na kuongezwa kila programu ilipofanya ukaguzi. Baiti moja huishia 255. Kila ilipofika mara ya 256 namba ilirudi sifuri, na kwa programu ile sifuri ilikuwa na maana kwamba hakuna haja ya kukagua. Ukaguzi ulirukwa, na hakuna ujumbe uliotaja kilichotokea. Kazi iliendelea kana kwamba mambo ni shwari.

Kwa hiyo jambo la kwanza programu inapojifunga ni kutobofya OK haraka. Piga picha ya skrini, au picha kwa simu, ili msimbo wote na jina la faili visomeke. Ukichelewa, Windows yenyewe huweka rekodi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika perfmon /rel, na utaona kalenda ya matukio ya kompyuta yako: siku programu ilipojifunga, siku sasisho lilipoingia, siku kitu kipya kiliposakinishwa. Msalaba mwekundu wa kwanza ukitokea siku moja baada ya kusakinisha kiendeshi (driver) kipya cha printa, tayari unaye mshukiwa.

Anayetaka undani zaidi atafungua Event Viewer kwa kuandika eventvwr.msc na kutafuta tukio namba 1000 katika orodha ya Application. Hapo kuna majina mawili ya kuandika pembeni: programu iliyojifunga, na kipande kilichokuwa kikifanya kazi wakati huo. Kipande hicho kikiwa na jina la kampuni ya kadi ya picha, anza na kiendeshi cha kadi ya picha. Kikiwa ntdll.dll, usikimbilie kukilaumu. Karibu kila programu hupitia humo, na aghalabu huwa ni mahali pa ajali tu.

Kundi la vitu vilivyokosekana ndilo rahisi kutibu, na ndilo lenye mitego mingi. Ujumbe unasema VCRUNTIME140.dll au MSVCP140.dll haikupatikana. Mafaili haya ni maktaba ambazo programu nyingi zilizoandikwa kwa lugha ya C++ huzitegemea, na Microsoft huzitoa bure katika kifurushi kiitwacho Visual C++ Redistributable. Dawa yake ni kukipakua kifurushi kwenye tovuti ya Microsoft na kukisakinisha. Watu wengi badala yake huandika jina la faili kwenye Google, hufungua tovuti ya kwanza inayotoa DLL moja moja, na kulitupia faili hilo ndani ya System32. Hawajui aliyelitengeneza ni nani, toleo lake ni lipi, wala kama lina virusi.

Hata faili likiwa safi, linaweza kuwa si la aina inayotakiwa. Windows ya biti 64 ina makabati mawili, na majina yake yanapotosha: System32 huhifadhi maktaba za biti 64, na SysWOW64 huhifadhi zile za biti 32. Programu ya biti 32 ikipewa maktaba ya biti 64 hutoa msimbo 0xC000007B na kukataa kufunguka. Ndiyo maana hata kwenye kompyuta ya kisasa inafaa kusakinisha vifurushi vyote viwili vya Visual C++, cha x86 na cha x64.

Wanaotumia kompyuta za mtumba wana tatizo la jirani na hilo. Mashine imekuja na Windows 7, mfumo ambao Microsoft iliacha kuuhudumia tarehe 14 Januari 2020, na programu mpya inalalamika kwamba kazi fulani haimo ndani ya maktaba ya mfumo. Hapo hakuna kilichoharibika. Programu inaomba kitu ambacho Windows hiyo haijawahi kuwa nacho. Kivinjari cha Chrome, kwa mfano, kiliishia toleo la 109 kwa Windows 7 na 8.1. Chaguo ni mawili: kutafuta toleo la zamani la programu kwa mtengenezaji wake, au kubadilisha mfumo.

Ushauri wa kuzima na kuwasha hudharauliwa, ingawa una sababu ya kisayansi. Programu inayoomba kumbukumbu bila kuirudisha huvimba kidogo kidogo hadi nafasi inakwisha, na programu ya biti 32 hufika ukomo mapema: kwa kawaida Windows huipa gigabaiti 2 tu za anwani, hata kompyuta ikiwa na RAM ya gigabaiti 16. Kuwasha upya hufuta hali hiyo yote. Tatizo likirudi baada ya saa zilezile za matumizi, kuvuja kwa kumbukumbu ndiko kunakostahili kushukiwa, na tiba ni sasisho kutoka kwa mwandishi wa programu.

Likibaki palepale, jaribio linalofuata ni kupunguza washiriki. Kwa kuandika msconfig unaweza kuzuia huduma zote zisizo za Microsoft zisianze, kisha ukaiwasha upya kompyuta. Programu ikifanya kazi sasa, basi inagombana na mojawapo ya zile ulizozizuia, mara nyingi programu ya kukinga virusi. Zirudishe nusu kwa nusu. Kati ya huduma 32, majaribio matano yanatosha kumpata mkorofi mmoja.

Makosa yanayoruka kutoka programu moja hadi nyingine, leo Word, kesho kivinjari, huashiria kitu kilicho chini ya zote. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki kinachofaa kuulizwa kwanza ni umeme. Ukikatika wakati faili linaandikwa, faili linaweza kubaki nusu. Windows ina amri mbili za kukarabati mafaili yake, ambazo huendeshwa kwenye Command Prompt iliyofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi. Anza na DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, kisha sfc /scannow. Ya kwanza hurekebisha ghala la vipuri, na ya pili hutumia vipuri hivyo. Ile ya kwanza huweza kuvuta mafaili kutoka intaneti, kwa hiyo mwenye bando dogo ajipange.

Baada ya umeme, RAM. Amri ya mdsched huiwasha upya kompyuta na kuipima kumbukumbu. Biti moja tu ikigeuka, matokeo huwa ya ajabu. Katika uchaguzi wa Mei 2003 nchini Ubelgiji, mashine ya kura huko Schaerbeek ilimpa mgombea mmoja kura 4,096 za ziada. Kasoro iligundulika kwa sababu alipata kura nyingi kuliko ilivyowezekana. Idadi hiyo ni 2 kwa kipeo cha 12, alama ya biti moja kugeuka kutoka 0 kuwa 1. Kasoro ya programu haikupatikana, na chembe ya mionzi kutoka angani ikabaki maelezo yanayotajwa zaidi. Nyumbani, mshukiwa wa kawaida ni kipande cha RAM kilicholegea au kilichochoka. Kukichomoa na kukirudisha vizuri, kompyuta ikiwa imezimwa na kuchomolewa kwenye umeme, kumewahi kumaliza kesi nyingi.

Kuna siku mtumiaji hana kosa lolote. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilituma sasisho lililoifanya programu yake itafute thamani ya 21 mahali palipokuwa na thamani 20. Programu ikasoma nje ya mpaka wake wa kumbukumbu. Kwa kuwa ilikuwa ikifanya kazi ndani ya kiini cha Windows, haikujifunga peke yake bali iliuangusha mfumo mzima. Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 ziliathirika. Nyingi zilihitaji mtu aketi mbele ya kila moja, aiwashe katika hali salama na kufuta faili moja. Programu ikianza kugoma ghafla bila wewe kugusa kitu, angalia kwanza kama wengine wanalalamika leo hii kuhusu programu hiyohiyo. Huenda kungoja siku moja kukafaa kuliko kubomoa.

Na kidirisha kinapouliza kama ripoti itumwe kwa mtengenezaji, kukubali kuna faida. Mwaka 2002 Steve Ballmer, aliyekuwa mkuu wa Microsoft, aliwaandikia wateja kwamba ripoti hizo zilionyesha asilimia 20 ya kasoro ikisababisha asilimia 80 ya makosa, na asilimia 1 tu ikisababisha nusu ya makosa yote. Kampuni ikajua ianze wapi kurekebisha.

Yote yakishindikana hubaki kuisakinisha Windows upya. Njia ya Reset this PC ina chaguo la kuacha mafaili binafsi, lakini huondoa programu zote zilizosakinishwa na mtumiaji. Kabla ya kuibofya, nakili nyaraka kwenye diski ya nje, hakikisha zinafunguka kwenye kompyuta nyingine, na tafuta namba za leseni za programu ulizonunua. Ukiamua kumpelekea fundi kompyuta, mpelekee pia picha ya ujumbe, jina la kipande kilichotajwa kwenye Event Viewer na tarehe ya tukio la kwanza. Ataweza kuanzia ulipoishia wewe, na huenda asihitaji kufuta chochote.