Uchaguzi wa Zana za Kutengeneza Kamera ya Droni Nyumbani

Matumizi ya ndege zisizo na rubani, maarufu kama droni au ndege nyuki, yameongezeka katika sherehe za harusi, upimaji wa mashamba na upigaji wa picha za mandhari. Kwa mmiliki aliyeko Singida, hitilafu ya kamera ni jambo la gharama. Dodoma ni takriban kilomita 240 kwa barabara, na Dar es Salaam ni takriban kilomita 700. Ndiyo maana walaji wengi huamua kuifungua kamera wenyewe. Uamuzi huo si kosa, lakini mara nyingi zana isiyofaa hugeuza hitilafu ndogo kuwa hasara kubwa. Katika makala haya tunaeleza namna ya kuchagua zana, kazi zinazofaa kufanyika nyumbani, na haki za mlaji anaponunua.

Anza na dhamana

Kabla ya kununua zana yoyote, soma hati ya dhamana ya droni yako. Watengenezaji wengi huifuta dhamana pale kifaa kinapofunguliwa na mtu wasiyemtambua. Iwapo muda wa dhamana haujaisha, mrudie kwanza aliyekuuzia.

Bisibisi

Kamera ya droni hukaa juu ya gimbali, yaani kishikio chenye mota ndogo kinachoituliza kamera ndege inapotikiswa na upepo. Skrubu zake ni ndogo mno, na bisibisi ya kufungulia redio au soketi ya ukutani huziharibu vichwa. Katika droni nyingi ndogo utakuta skrubu za alama PH00 au PH000, ambazo ni msalaba mdogo. T5 au T6, ambazo ni nyota ya miale sita. Na tundu la pembe sita la milimita 1.5 au 2.0. Kwanza tambua skrubu za droni yako, kisha nunua ncha zinazohitajika tu. Seti ya ncha mia moja zilizotengenezwa kwa chuma laini ina faida ndogo kuliko ncha nne imara.

Ukiwa dukani, jaribu ncha kwenye skrubu halisi. Ncha inayocheza ndani ya kichwa cha skrubu haifai, hata kama bei yake inavutia. Maandishi ya "CR-V" au "S2" hutaja aina ya chuma, lakini kuyagonga juu ya zana ni rahisi. Yasichukuliwe peke yake kuwa uthibitisho wa ubora.

Zana za kufungulia na kushikia

Ili kutenganisha maganda ya plastiki, tumia kipande chembamba cha plastiki ngumu badala ya kisu au bisibisi bapa. Ndani ya gimbali hupita waya bapa, mwembamba kama karatasi, unaosafirisha picha na umeme. Chuma chenye makali huukata kwa mguso mmoja. Kibano chenye ncha nyembamba kitakusaidia kuinua kifungio cha waya huo. Inua kifungio kwanza, ndipo uuchomoe waya. Usiuvute kwa nguvu.

Zana za kusafishia

Singida ina upepo mkali, na wakati wa kiangazi vumbi na mchanga huingia kwenye lenzi na mota. Usianze kwa kufuta, kwa kuwa chembe za mchanga huikwaruza lenzi. Anza na kipuliza cha mpira kinachominywa kwa mkono, kisha utumie kitambaa laini cha lenzi. Tunatahadharisha dhidi ya pampu ya upepo ya gereji: hewa yake yaweza kubeba mafuta na maji, na nguvu yake yaweza kupinda sehemu za gimbali. Kwa viunganishi vya umeme, tumia alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya kawaida ya dukani yaweza kuwa na maji na rangi vinavyoacha mabaki.

Zana za umeme

Ondoa betri kabla ya kugusa skrubu ya kwanza. Mita ya umeme ya bei nafuu inatosha kupima kama waya umekatika na kama betri ina nguvu. Seli moja ya betri ya lithiamu polima ya kawaida iliyojaa husoma volti 4.2. Betri iliyovimba haitengenezwi wala haitobolewi, kwa maana yaweza kuwaka moto. Kuchomelea risasi kwenye bodi ya kamera ni kazi ya fundi mwenye pasi inayodhibiti joto. Vivyo hivyo, kubadilisha kihisi cha picha au mota ya gimbali kusifanyiwe majaribio nyumbani.

Baada ya matengenezo

Weka droni juu ya meza iliyonyooka, uiwashe bila mapanga, na usawazishe gimbali kupitia programu ya mtengenezaji. Kisha irushe kwa kimo kidogo mahali pasipo watu. Skrubu moja iliyolegea yaweza kuangusha kamera juu ya umati wa arusini; hasara hiyo haifidiwi na fedha iliyookolewa kwa fundi. Kumbuka pia kuwa kuitengeneza droni hakukuondolei wajibu wa kibali: urushaji wake husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania chini ya kanuni za mwaka 2018.

Haki zako unaponunua

Dai risiti ya EFD kwa kila zana na kipuri, na hakikisha jina la bidhaa limeandikwa. Muulize muuzaji kama kipuri ni kipya, kimetumika au ni cha kuiga, na jibu lake liandikwe kwenye risiti. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayouziwa. Ukibaini kuwa umeuziwa bidhaa bandia, usiitupe: ihifadhi pamoja na kifungashio na risiti, kisha uwasilishe malalamiko yako kwa Tume ya Ushindani. Bila vielelezo hivyo, madai ya haki huwa magumu kuthibitishwa.